Mwaka Tuliofuga Taa Kismayu

Safari ya Kismayu ilituchosha kabla hatujaiona bahari yake. Tuliondoka Mombasa kwa basi, mimi na Ami Kombo, ndugu mdogo wa marehemu baba yangu, kila mmoja na begi lake, na kikapu cha mikate ya mofa ambayo Ami aliapa itatufikisha. Haikutufikisha hata Lamu. Njiani askari walitushusha mara kwa mara, wakatupanga juani, wakavigeuza vitambulisho vyetu vya ukimbizi huku na huku kama mtu anayetafuta tarehe ya mwisho kwenye kopo la maziwa. Kutoka Lamu tulipanda boti ya faiba hadi Kiunga, tukakaa pale tukingoja nahodha apate petroli, kisha tukavuka hadi Burgao tumekalia magunia ya vitunguu. Ami alitapika njia nzima. "Mbajuni gani wewe unayetapika?" nahodha akamtania. "Bahari imenisahau," Ami akajibu, akajifuta mdomo kwa ncha ya kikoi. Tulipofika kisiwa cha Kudha, mwanamke mmoja alitusimamisha mlangoni pake akauliza sisi ni wa nani. Ami hakutoa kitambulisho. Alimtajia baba yake, na babu yake, na kisima alichochimba babu yake, na shangazi aliyeolewa Chula akafa kwa uzazi, mpaka uso wa yule mwanamke ukalegea akasema, "Haya ingieni, uji upo." Kwetu ndivyo mtu alivyojulikana. Hakuwa na karatasi; alikuwa na yale anayoyajua. Ami Kombo aliiamini sheria hiyo kuliko kitu chochote duniani, na ndiyo iliyommaliza.

Alikuwa anarudi Kismayu kudai nyumba yake. Aliikimbia vita vilipoanza, na hati yake ililowa chomboni ikawa uji, basi miaka yote ya kambini na ya Mombasa aliibeba kichwani, chumba kwa chumba. Mimi nilikuwa sijafika thelathini, nimeshajaribu kazi za kila aina na sikukaa katika hata moja, na niliposikia anatafuta mtu wa kufuatana naye nilifurahi kama mtu aliyeitwa harusini. Sasa nimepita arobaini, nimeishi katika miji ambayo majina yake hata sikujifunza kuyatamka vizuri, na ningekuwa nimekwisha kuusahau mwaka ule kama Ami asingefariki. Nilisafiri kumpa mkono wa tanzia binti yake, Mwanaesha, anayeishi Ulaya na wanawe. Baada ya hitima, watoto wakiwa wamechoka na kilio cha wakubwa, Mwanaesha alitupeleka sote kwenye jumba la samaki. Huko ndani kuna bwawa la wazi, kimo cha kiuno cha mtoto, na ndani yake wanazunguka taa, wale samaki wapana kama sinia, na watu wanaruhusiwa kutia mikono na kuwagusa. Msichana mwenye fulana ya buluu alikuwa akirudia maneno yaleyale kwa kila familia: vidole viwili, polepole, mgongoni tu. Nikakunja shati. Taa mmoja akaja, akainua ukingo wa bawa lake juu ya maji, akanigusa mkono kabla sijamgusa. Watoto wakapiga kelele, "Mjomba, amekupenda!" Mwanaesha hakutia mkono. Alisimama na koti lake kifuani akaniuliza, bila kunitazama, "Hivi Baba alituacha kwa ajili ya hawa?" Nilimwambia tutazungumza. Hatukuzungumza.

Kismayu, nyumba tuliikuta imesimama. Hilo ndilo lililotudanganya. Nyumba nyingi za mtaa ule zilikuwa zimebaki kuta tu, lakini ya Ami ilikuwa imepakwa rangi nyeupe, ina geti la chuma la kijani mahali palipokuwa na mlango wa nakshi, na juu yake kibao cha hoteli. Ami alisimama barabarani bajaji zikimpigia honi. "Wameibadilishia mlango," alisema, kama anayemzungumzia mtu aliyepotelewa na meno. Mwenye hoteli, Libani, alitupokea yeye mwenyewe. Alikuwa mtu wa umri wangu hivi, amekulia Nairobi, ameishi ng'ambo, amerudi na familia. Sikupata kumsikia akipaza sauti. Alimwita Ami "adeer", neno la Kisomali la heshima kwa baba mdogo, akamwagizia chai ya maziwa yenye iliki na sahani ya mikate ya anjera iliyomiminiwa mafuta ya ufuta. Ami akasema kilichomleta. Libani akasikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, mimi hii nyumba nimenunua na pesa yangu. Sikuichukua na bunduki."

"Ulinunua kwa nani?"

"Kwa mtu aliyekuwa anakaa."

"Na yeye alinunua kwa nani?"

Libani akatabasamu kwa huzuni, na naamini huzuni ile ilikuwa ya kweli. "Adeer, hilo swali huku haliulizwi. Likiulizwa, mji mzima utalala nje." Kisha akatuuliza kama tunajua samaki. Akatupeleka uani kutuonyesha bwawa jipya la saruji, maji yake ya moto kama ya kuoshea vyombo, na taa wawili waliokufa wamegeuka tumbo juu. Mjini alikoishi, alisema, mwanawe alizoea kwenda kuwagusa taa walio hai. "Watoto wa hapa wanamjua samaki aliyekufa tu. Nataka wamguse aliye hai." Kama tungeweza kuwaweka taa hai mpaka Idi, siku ya ufunguzi, angemwita kila mtu mwenye neno mjini, na wazee wa kamati ya kusuluhisha migogoro ya nyumba wangekuwepo, na suala la Ami lingezungumzwa mezani, kwa heshima. Tukapewa chumba nyuma ya jiko.

Chumba kile kilikuwa stoo ya mkaa zamani za Ami. Tulilala juu ya magodoro ya sponji, na kila asubuhi kuta zilituachia weusi mabegani. Upande wa pili wa ukuta alipika Bi Tima, Mbajuni wa makamo ambaye hakuwahi kuhama Kismayu hata vita vilipokuwa vikali. Alikuwa amewapikia watu wa kila bendera iliyopita, na ulimi wake haukuogopa hata moja. Alimjua Ami tangu wakiwa vijana. "Wee Kombo," alimwambia siku ya kwanza, akimpakulia wali na samaki wa nazi, "umekuja na nini? Umekuja na begi. Wenzio wanakuja na mawakili." Ami akamwambia amekuja na haki yake. "Haki," Bi Tima akasema, akaugeuza mwiko. "Kula basi, usije ukaidai na njaa." Alipowaona taa wetu wa kwanza alicheka mpaka akakaa. "Wallahi sijaona! Wachu wanamlisha taa! Taa hulishwa? Huyu mmoja nipeni nimkaushe, nimpike na bilingani, na huyo tajiri atakumbuka jina lake."

Taa tuliwatoa visiwani, kwenye maji ya magoti, pale mchanga unapogeuka matope. Tulichagua wale wadogo wa madoa ya buluu, tukawaleta ndani ya pipa lililokatwa, mmoja wetu akimwagia maji mapya njia nzima. Kisha kazi ya mwiba. Ami alimfunika taa kwa gunia bichi, akamshika mkia kwa mguu wa kulia, akaukata mwiba kwa koleo karibu na shina, kama anayekata ukucha. "Utamea tena," alisema. "Kila ukimea tunaukata." Siku za mwanzo walijizika mchangani wakabaki macho tu, na matundu mawili nyuma ya macho yakifunguka na kufumba. Ami aliketi ukingoni, mkono wake majini, kipande cha nyama ya kamba katikati ya vidole, bila kutikisika, mpaka nikadhani amesinzia. Siku taa mmoja alipojitoa mchangani, akapanda juu ya mkono wake kama mtu anayejifunika shuka, Ami hakupumua. Nilisikia taya za taa zikisaga kamba. "Tia mkono nawe," akaninong'oneza. "Usimshike. Mwache yeye akushike." Ngozi yake ilikuwa na ute wa bamia, na chini ya ute ule kitu kigumu na chenye uhai, kinachosukuma. Nimegusa vitu vingi tangu siku ile na sijapata tena mshtuko kama huo wa kukubaliwa. Baada ya wiki chache walikuwa wakija wakituona kivuli tu, wakiinua mabawa nje ya maji kuomba, na walikuja zaidi kwa Ami, aliyewakata miiba, kuliko kwangu. Nilimcheka. Sasa sicheki.

Tatizo likabaki maji. Pampu ilivuta maji ya bahari jenereta ikiwaka tu, na mafuta yalipokosekana bwawa lilipata joto na taa wakaanza kukosa pumzi. Tulipoteza wawili, kisha wengine. Libani akaanza kuzungumza, kwa upole uleule, juu ya kuacha mambo ya taa na kuweka bembea. Ami akaacha kula. Nilijua anachokiwaza, maana alikuwa amenisimulia tangu tuko Mombasa: babu yake, aliyeijenga nyumba, alikuwa mvuvi wa kasa kwa njia ya zamani, ile ya kutumia chazo. Chazo ni samaki anayejibandika. Wavuvi walimfunga uzi mkiani, wakamwachia ajigandishe kwenye gamba la kasa, wakavuta. Chazo mzuri alifugwa kama mbuzi. Basi yule babu alichimba birika uani na mfereji wa mawe chini ya ardhi, kutoka birika mpaka ufukweni, ili kila maji yakijaa baharini yajae na kwa chazo wake. Siku ya kukimbia, Ami mwenyewe aliuziba kwa mawe na udongo ili watu wasije wakapita humo kuiba. Hakuna aliyekuwa hai aliyejua mfereji ule ila yeye.

Bi Tima alimsikia akiniambia atauonyesha, akaja mpaka mlangoni kwetu, mikono imejaa unga. "Kombo, nyamaza na mfereji wako."

"Ndio ushahidi wangu, Tima. Nina nini kingine? Mchu atajuaje kilicho chini ya sakafu kama nyumba si yake?"

"Ukisha kuwaonyesha, utabaki na nini?"

"Nitabaki na nyumba."

"Utabaki na jembe," Bi Tima akasema, akarudi kwenye unga wake.

Sikumuunga mkono Bi Tima. Nilikuwa upande wa Ami kwa moyo wote. Niliona hoja yake imekamilika, na hata leo, kama dunia ingekuwa Kudha, imekamilika. Ami akamwomba Libani awaalike wazee wa kamati mapema, kabla ya Idi, kwani ana jambo la kuwaonyesha. Wakaja mchana, wazee watatu wenye ndevu za hina, wakala mchele na nyama ya ngamia na ndizi, wakanawa, wakaletewa viti uani. Ami alikuwa amevaa kanzu yake ya pekee, ameipiga pasi kwa mkaa. Alizungumza Kisomali, polepole, kama anayesoma. Akasema yeye ni fulani bin fulani, nyumba hii ilijengwa na babu yake, na kwa kuwa hana hati, anaomba nyumba yenyewe imshuhudie. Akapiga hatua kutoka pembe ya jiko, akasimama ukingoni mwa bwawa, akachora alama kwa kisigino. "Fukueni hapa." Vijana wa ujenzi wakavunja saruji. Chini yake wakakuta udongo, chini ya udongo mawe, na chini ya mawe mdomo wa mfereji, umechongwa vizuri, mweusi, unanuka mwani. Wakazibua bila kupumzika. Alasiri maji ya bahari yalipopanda tulisikia kwanza sauti, kama mtu anayesukutua, halafu yakaingia yenyewe, baridi, safi, bila pampu, yakatambaa bwawani, na taa wote wakageuka kwa mkupuo mmoja wakaelekea yanakotoka. "Mashallah," wazee wakasema. Libani alimshika Ami mkono kwa mikono yake miwili. Macho yake yalikuwa na machozi. Ami naye alilia, na mimi nikalia, na ulikuwa mchana mzuri kuliko yote ya maisha yangu.

Niliyekwenda kuwamiminia wazee maji ya kunawa wakati wa kuondoka ni mimi. Walidhani sijui Kisomali, kwa kuwa mbele yao nilinyamaza. Mmoja akasema, akijisugua vidole, "Mzee yule anaijua nyumba kweli."

"Anaijua sana," mwenzake akasema. "Lazima alikuwa akifanya kazi humu."

"Mwenye nyumba atajua wapi mambo ya mifereji? Mwenye nyumba anajua sebule." Wakacheka kidogo, si kwa ubaya, kama watu waliomaliza jambo. Wa tatu akanirudishia taulo akaniambia asante.

Nilimwambia Ami. Alinitazama kama niliyemtukana. Akasema nimesikia vibaya, Kisomali changu ni cha barabarani. Lakini asubuhi yake alikwenda kwa Libani, na kuanzia hapo nilimwona akipunguza. Kwanza aliomba nyumba. Kisha aliomba chumba cha juu tu, chenye zidaka ukutani, alimozaliwa Mwanaesha. Lakini chumba hicho kilikuwa tayari na kiyoyozi, cha wageni wakubwa. Kisha akaomba maandishi tu, mstari mmoja kwamba nyumba iliwahi kuwa yake, atie mfukoni. Libani alimsikiliza kila mara mpaka mwisho, akamwagizia chai. "Adeer," alimwambia mbele yangu, "hapa ni kwako. Nani amekufukuza? Umeona mtu anakufukuza?" Na kweli hakuna aliyemfukuza. Kwa mfereji ule, hoteli haikuhitaji tena mafuta ya pampu, na nyumba ambayo labda, labda, mwaka ule ingeweza kuzungumzwa, ilikuwa imekwisha kuwa kitu ambacho hakuna mtu mwenye akili angekitoa. Tulikuwa tumeifanya nzuri mno.

Idi ikaja na watu wakajaa. Wasichana wa Kismayu walitia mikono bwawani na mikono ya baibui ikilowa, kina mama waliorudi kutoka ng'ambo wakapiga picha, na mkubwa mmoja wa mji alimgusa taa kwa kidole kimoja akakifuta kwenye kitambaa cha mlinzi wake. Ami alisimama ukingoni ndani ya fulana yenye jina la hoteli, akiwaelekeza watoto kwa sauti ambayo sikupata kumsikia nayo Mombasa, sauti ya mwenyeji. "Msimshike. Mwacheni awashike." Libani alimtambulisha kwa wageni, mkono begani: "Huyu ndiye mzee wetu wa taa." Bi Tima alipita na sinia la sambusa, akaitazama ile fulana juu mpaka chini, akaendelea na sinia lake.

Nilimwambia Ami turudi. Nilimwambia siku nyingi, wakati tunasafisha mfereji, wakati tunakata miiba iliyomea upya, wakati tunakula. Mwanaesha alikuwa amekwisha kuanza kupiga simu, anataka kumwita Ulaya. Ami alisikia yote akasema, "Nani atafungua mlango wa mfereji maji yakijaa? Wewe umeshawaona wale vijana wakifungua. Wanafungua kwa teke." Nikamwambia si mfereji wake. Hapo alinikasirikia kweli. "Ni wa nani, Shali? Hebu niambie. Nani mwingine anaujua?" Alisema kweli, na ukweli huo ndio uliokuwa umemfunga pale kama chazo wa babu yake.

Niliondoka bila hasira ya kuonekana. Boti ya Kiunga ilikuwa iondoke asubuhi, nikamuaga Bi Tima jikoni, akanifungia muufo, mkate wa mofa, ndani ya gazeti akanisukuma mgongoni ili nisione uso wake. Libani alinipa mkono na kuniambia nikirudi nyumba ni yangu. Getini, sheria ya hoteli ilikuwa kwamba kila mfanyakazi anayeondoka apekuliwe, kwa kuwa mashuka na vijiko vilikuwa vikipotea. Mlinzi alikuwa kijana aliyetuzoea. Aliona haya, akanipungia mkono nipite. Lakini Ami Kombo, aliyekuja kunisindikiza na fulana yake ya kazi, mikono bado imelowa, akasema hapana, sheria ni sheria. Akaliweka begi langu juu ya baraza ya mawe aliyoijenga babu yake, akalifungua zipu. Akatoa mashati yangu moja moja, akayakung'uta, akayakunja upya vizuri kuliko nilivyoyakunja mimi. Akatia mkono mpaka chini, akapapasa pembe zote. Kisha akafunga, akamgeukia mlinzi.

"Hakuna kitu cha nyumba humu," akamwambia kwa Kisomali. Na kwangu, akinivika begi begani: "Haya nenda, mwanangu. Maji yanajaa, nina kazi."